Kinywaji Kinachotoa Gesi Ndani ya Chupa: Lini Huwa Kilevi?

 

Kijana wa Unguja au Pemba akienda kutafuta riziki Kerende, mkoani Mara, karibu na mgodi wa dhahabu wa North Mara, ataikuta pombe ya kienyeji ya ulezi au mtama. Ikiwa chunguni haimbabaishi. Tatizo ni chupa: anapewa togwa au tangawizi iliyofungwa kizibo, anaifungua inatoka povu kama soda, anaambiwa si pombe. Je, anywe?

Kwanza tufahamu gesi inatoka wapi. Kimea hugeuza wanga kuwa sukari. Hamira huila sukari hiyo na kutoa vitu viwili kwa pamoja: alkoholi na gesi, na kwa uzito vinakaribia kulingana. Chombo kikiwa wazi, gesi hupotea. Ndiyo maana wanaotengeneza pombe majumbani hutia sukari kidogo tena wakati wa kujaza chupa, kisha hufunga. Hamira iliyobaki huanza kazi upya, na gesi ikikosa pa kutokea huingia ndani ya kinywaji. Soda ya kiwandani si hivyo. Gesi yake hutiwa kwa mashine. Basi gesi yenyewe si haramu, ila gesi ya hamira haiji peke yake.

Imepokewa katika Swahiyh Muslim kwamba Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) akilowekewa zabibu alikuwa akinywa maji yake mpaka siku ya tatu, kisha yanayobaki hayanywi tena. Pia alikataza kwanza kuloweka katika vibuyu na mitungi iliyopakwa lami, baadaye akaruhusu vyombo vyote, kilevi kikabaki haramu. Wanachuoni wameeleza hekima yake: kiriba cha ngozi hupasuka kinywaji kikichacha, lakini mtungi huficha. Chupa ya leo nayo huficha.

Hukumu ni hii: kinacholevya kikinywewa kwa wingi, kidogo chake pia ni haramu. Kukiita togwa au juisi hakukibadilishi, na kutolewa kwa glasi moja si hoja.

Nasi visiwani tujihadhari, kwani joto letu huharakisha kuchacha. Juisi ya nanasi, ukwaju au tangawizi isitiwe hamira, iwekwe kwenye friji na inywewe mapema. Chupa ikivimba au ikitoa povu na harufu ya pombe, imwagwe, wasipewe watoto. Ya kioo inaweza hata kupasuka na kujeruhi.

Ama kijana aliyeko Kerende, kama hajui kilivyotengenezwa, aache chenye shaka. Amshukuru mwenyeji kwa adabu na aombe maji au chai. Kukataa kinywaji si kumkataa jirani.

Wa Allaahu A'lam.