Kwa nini dozi ya ADHD kwa mtu mzima huanzia chini

Mtu mzima anayegunduliwa kuwa na ADHD nchini Uingereza, yaani hali inayodhoofisha umakini na uwezo wa kujizuia, haondoki kwa daktari na dozi ya kudumu. Hupewa dozi ya kuanzia tu. Iliyo sahihi hutafutwa kwa wiki kadhaa, na uzito wa mwili hausaidii sana kuibashiri: mtu mnene huenda akatosheka na kidogo, mwembamba akahitaji zaidi.

NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba nchini humo, inapendekeza kuanza na mojawapo ya dawa mbili za kuchangamsha ubongo: methilfenidati au lisdeksamfetamini. Hii ya pili kwa kawaida huanzia miligramu 30 kwa siku, ikapandishwa taratibu bila kuvuka 70. Kabla ya kuanza na baada ya kila badiliko, shinikizo la damu na mapigo ya moyo hupimwa. Uzito nao hufuatiliwa, kwani dawa hizi hupunguza hamu ya kula.

Wagonjwa wengi hutamani kuharakisha. Lakini dozi iliyozidi huleta wasiwasi, moyo kwenda mbio, usingizi kupotea, na wengine huhisi wamepoa mno, kana kwamba si wao. Anayenyamazia dalili hizo kwa kuogopa kunyang'anywa dawa humfunga daktari macho.

Kuna pia kosa la kuchanganya nguvu ya dawa na muda wake. Kidonge cha kawaida cha methilfenidati hufanya kazi kwa takriban saa nne. Aliyekimeza saa mbili asubuhi na kuanza kutawanyika mawazo saa sita mchana huenda hahitaji kidonge chenye nguvu zaidi. Anahitaji cha pili, au kile kinachoyeyuka polepole. Ndiyo maana kuandika saa ya kumeza na saa ya mabadiliko kuna manufaa kuliko kumwambia daktari tu kwamba dawa "haifanyi kazi".

Safari hiyo ilivurugika Septemba 2023, dawa hizi zilipoadimika nchini Uingereza. Madaktari walielekezwa wasiwaanzishie wagonjwa wapya dawa zilizopungua, na baadhi ya waliokwisha kuipata dozi yao wakalazimika kubadilishiwa dawa na kuanza kupimwa upya.