Taa za Jikoni na Mezani

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya nuru ya nyumbani, hasa katika nyumba zile ambazo jiko na mahali pa kulia chakula ni chumba kimoja, pasipo ukuta kati yake. Nyumba za namna hii ni nyingi sasa katika miji kama Dar es Salaam na Nairobi, nazo zina faida zake: apikaye huongea na wageni, na mama huwaona watoto wake huku akikoroga mchuzi. Lakini chumba hicho kimoja kina kazi mbili, na kila kazi hutaka nuru yake.

Aghalabu mwenye nyumba humwambia fundi atundike taa moja kubwa katikati ya dari, akidhani ya kuwa ikiwa kali itatosha kila pembe. Sivyo. Meza ya kukatia na meko huwa kando ya ukuta. Kwa hiyo apikaye huipa taa mgongo, na kivuli chake mwenyewe huangukia kisu na vidole vyake. Wahenga walisema, Kivuli cha mvumo huwafunika walio mbali. Taa ya katikati nayo huwafaa walio mbali, na aliye kazini humwacha gizani. Ukiiongeza ukali, kivuli hakiondoki, bali walioketi mezani ndio watakaoumia macho.

Dawa yake ni kuileta taa karibu na kazi. Nuru itokayo katika glopu ndogo hupungua upesi kwa umbali: umbali ukizidi mara mbili, mwangaza hubaki robo. Tuseme glopu i darini, sentimita 180 juu ya meza ya kukatia. Ukiishusha hata sentimita 45 tu, mahali palipo chini yake hupata mwangaza mara 16, ijapokuwa eneo liangazwalo hupungua. Ndiyo sababu taa nyembamba zilizopangwa chini ya makabati ya ukutani hufaa sana. Zipachikwe karibu na ukingo wa mbele wa kabati, si nyuma ukutani, zipate kumulika meza yote.

Sasa tuangalie kiasi. Nuru itokayo katika taa hupimwa kwa lumeni, na mwangaza uangukao juu ya kitu hupimwa kwa luksi, yaani lumeni moja katika kila mita moja ya mraba. Mahali pa kukata na kupika hutaka luksi 300 hata 500. Sehemu nyingine za chumba, 100 au 150 zatosha. Meza ya kukatia yenye urefu wa mita 3 na upana wa sentimita 60 ni mita za mraba 1.8, basi kwa luksi 500 yahitaji lumeni 900. Kwa kuwa nuru nyingine hupotea njiani, tununue 1,500. Gharama ya umeme si kubwa: glopu ya kale ya wati 60 ilitoa lumeni 700 hivi, na taa ya LED ya wati 8 hivi yatoa kiasi hicho hicho.

Wala msiwasahau wazee. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea kama theluthi moja tu ya nuru ipokewayo na jicho la kijana wa miaka 20. Bibi achaguaye mchele akiacha kijiwe, msimlaumu kabla hamjaitazama taa yenu.

Mezani mambo ni mengine. Hapo twataka kuonana nyuso na kukitamani chakula. Taa ya kuning'inia ikae sentimita 75 hata 90 juu ya meza, isikinge nyuso za wanaotazamana, na glopu yake ifichwe ndani ya kifuniko isichome macho. Chagueni nuru ya manjano kidogo, iliyoandikwa kelvini 2,700. Jikoni mwaweza kutumia hata 4,000. Tazameni pia kipimo cha rangi, kiandikwacho CRI: kisipungue 90, maana katika taa duni nyama mbichi huonekana imefifia, na mpishi hawezi kujua kama ni nzuri ama imeharibika.

Kila kundi la taa na liwe na swichi yake: ya dari, ya meza ya kukatia, na ya meza ya kulia. Hapo wageni wakiisha kuketi, mtazima taa za jikoni, na masufuria machafu yatajificha yenyewe pasipo ukuta.

Haya yote yapangwe kabla ya plasta. Chora chumba katika karatasi, utie alama kila mahali mtu atakaposimama kukata, kupika na kuosha vyombo, kisha umpe fundi wa umeme avute nyaya kwa kufuata alama hizo. Kuongeza waya katika karatasi ni kazi ya kalamu. Kuuongeza baadaye ni kazi ya nyundo na patasi, na fedha.

Nao wenye nyumba zilizokwisha jengwa wajaribu jambo hili usiku wa leo: simama mahali pako pa kukatia, unyoshe mkono, utazame kivuli chako kinaangukia wapi. Kikiwa mkononi mwako, umekwisha jua taa ya kwanza utakayoinunua itakaa wapi.