Moshi Uliobaki Porini

Fungua kikokotoo chochote cha mtandaoni kinachopima hewa ukaa ya mtu mmoja mmoja. Kitakuuliza umepanda ndege mara ngapi mwaka huu, gari lako linakunywa mafuta kiasi gani, nyumba yako inapashwa joto kwa nishati gani. Mpangaji wa Mbagala, jijini Dar es Salaam, mwenye chumba na sebule na jiko la mkaa nje ya mlango atajibu sifuri, sifuri, sifuri, naye ataambiwa hadaiwi kitu. Takwimu za kitaifa zitamuunga mkono: hewa ukaa itokanayo na mafuta, gesi na makaa ya mawe ni takriban robo tani kwa kila Mtanzania kwa mwaka, wakati kwa Mmarekani ni takriban tani 14.

Takwimu hizo ni za kweli, na haki iliyomo ndani yake isipuuzwe. Aliyeichafua anga ya dunia si mama lishe wa Mbagala. Hata msamiati wenyewe wa "unyayo wa kaboni" ulivumishwa miaka ya 2000 na BP, kampuni ya mafuta, iliyowapa watu wa kawaida kikokotoo wajihesabie huku yenyewe ikiendelea kuchimba. Mtu ana haki ya kucheka.

Ila kikokotoo hicho hakiulizi mkaa umetoka wapi, na kwa jiji kama Dar es Salaam swali hilo ndilo hesabu yote.

Tuanze na tanuri. Mchomaji hukata miti, huyapanga magogo pamoja, huyafunika kwa majani mabichi kisha kwa udongo, akaacha tundu la kuwashia na vitundu vya pembeni vya kupumulia. Siku za mwanzo moshi hutoka mweupe, mzito, wenye unyevu. Hayo ni maji yanayoutoka mti. Ukigeuka kuwa mwembamba wenye rangi ya buluu, mchomaji anajua mkaa unaiva. Udongo ukipasuka hewa ikaingia, atafukua majivu badala ya mkaa. Ndiyo maana hulala palepale, koleo mkononi, akiziba nyufa usiku kucha.

Kuni kavu kilo 100 zina kaboni ya kilo 50 hivi. Tanuri la udongo likienda vizuri hutoa mkaa kilo 15, pengine 20. Likienda vibaya, 10. Katika hizo kilo 15 za mkaa, kaboni ni kama kilo 12. Zile 38 zilizobaki karibu zote zimeshapaa na moshi, sehemu yake ikiwa methani, gesi inayoipasha anga joto kuliko hewa ukaa yenyewe. Kwa maneno mengine, robo tatu ya kaboni ya mti imekwisha kuondoka kabla gunia halijashonwa. Kilo moja ya mkaa ikiwaka jikoni hutoa karibu kilo 3 za hewa ukaa. Nyuma yake, porini, kuna kama kilo 9 ambazo mpishi hakuziona. Anaona jiko lisilotoa moshi na kulisifu. Moshi ulibaki Morogoro, Pwani, Lindi.

Mti huo ungeota tena, hewa hiyo ingerudi kwenye shina jipya, nasi tungekuwa tunazungumzia mzunguko badala ya upotevu. Hapa ndipo uchambuzi mwingi unapoteleza, kwa kuwa miombo si misitu dhaifu. Kata mtondoo au myombo, uache kisiki na mizizi yake, usichome moto, usilime: machipukizi yatatoka. Wilayani Kilosa, mradi ulioanza mwaka 2012 chini ya mashirika ya TFCG na MJUMITA ulijengwa juu ya tabia hiyo. Vijiji viligawa sehemu ya msitu wao katika vitalu vya mita 50 kwa 50 vinavyovunwa kwa kurukana, kama miraba ya ubao wa drafti, kila kitalu kikipumzika miaka 24 kabla ya kukatwa tena. Ushuru wa mkaa ulibaki kijijini. Kwa hiyo mkaa usiomaliza msitu unawezekana, na umeshachomwa hapahapa nchini.

Lakini sehemu kubwa ya mkaa unaoingia mjini hauchomwi hivyo. Mara nyingi mchomaji hutanguliwa au hufuatwa na jembe. Anayefyeka shamba jipya la ufuta au mahindi huuza mkaa wa miti aliyoiangusha, na fedha hiyo ndiyo mtaji wa mbegu. Kuulaumu mkaa peke yake ni kulisahau shamba. Kulilaumu shamba peke yake ni kusahau nani alilipia ufyekaji. Takwimu za serikali zimekuwa zikitaja upotevu wa misitu wa hekta 469,420 kwa mwaka, na hakuna mhusika mmoja anayeweza kubebeshwa eneo hilo lote.

Jinsi upotevu huo unavyotembea, tunajua. Watafiti walipima misitu kuanzia kilomita 10 hadi 220 kutoka Dar es Salaam, mara ya kwanza mwaka 1991, mara ya pili 2005. Walikuta mawimbi mawili. La mbele ni la mbao za thamani, lililokuwa likisogea kilomita 9 kila mwaka. La nyuma ni la mkaa, kilomita 2 kwa mwaka, likila kilichoachwa na msumeno. Kadiri ulivyokaribia jiji, ndivyo kaboni iliyohifadhiwa kwenye miti na aina za miti yenyewe zilivyopungua. Sensa ya 2022 ilihesabu wakazi milioni 5.38 jijini, kutoka milioni 4.36 mwaka 2012. Jiji linakua, msitu unaondoka.

Serikali ilijaribu amri. Mwaka 2006 biashara ya mkaa ilipigwa marufuku ghafla. Bei ikapanda, magunia yakapita usiku, na marufuku yenyewe haikudumu. Mwaka uliofuata, kwa hesabu za Benki ya Dunia, kaya za Dar es Salaam zinazotegemea mkaa zilikuwa zimefika asilimia 71, kutoka 47 mwaka 2001. Sasa kuna mkakati wa kitaifa uliozinduliwa Mei 2024, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Lengo ni kubwa, na safari hii limekuja na kitu zaidi ya kizuizi cha barabarani.

Majiko banifu nayo yana nafasi yake, kwa tahadhari. Jiko lenye udongo mzuri ndani hupunguza mkaa unaotumika, jambo ambalo mwenye nyumba huliona kwenye pochi. Tatizo limetokea pale punguzo hilo lilipogeuzwa bidhaa na kuuzwa nje kama hewa ukaa iliyookolewa. Utafiti uliochapishwa Januari 2024 katika jarida la Nature Sustainability ulikuta kwamba miradi ya majiko iliyochunguzwa ilijihesabia punguzo karibu mara 9 ya lile halisi. Majiko yaligawiwa, watu wakaendelea kuwasha na la zamani pembeni, na karatasi zikahesabu kana kwamba la zamani limetupwa. Sioni dhambi kijiji kulipwa kwa kutunza msitu. Ninachokataa ni kampuni ya mbali kununua ruhusa ya kuchafua kwa hesabu hewa.

Gesi ya mtungi inatokana na mafuta ya ardhini, na wapo wanaoona haya kuipendekeza. Wapige hesabu. Kilo moja ya gesi hutoa takriban kilo 3 za hewa ukaa, kama kilo moja ya mkaa jikoni, lakini huivisha chakula ambacho kingemaliza mkaa kilo 3 hadi 4. Na kila kilo ya mkaa huo ina moshi wake porini. Kwa msitu usioota tena, gesi inashinda kwa mbali. Kinachoirudisha nyuma ni namna inavyouzwa. Mkaa hununuliwa kwa kopo, jioni, kwa hela iliyopatikana mchana. Mtungi wa kilo 6 unataka fedha ya mkupuo. Mwenye kibarua cha kutwa hachagui mkaa kwa ujinga, wala hahitaji semina nyingine.

Umeme ndio ungepaswa kuwa jibu. Bwawa la Nyerere kule Rufiji limejengwa kuzalisha megawati 2,115 kwa maji. Sufuria ya umeme ya presha huivisha maharage bila kumaliza nusu uniti. Kwa mtumiaji mdogo bei ya uniti, kabla ya kodi, ni Sh100, hivyo maharage yanaiva kwa chini ya Sh50, na hakuna kopo la mkaa linalofika huko. Ila bei hiyo ina ukomo: uniti 75 kwa mwezi, yaani mbili na nusu kwa siku, taa, feni na friji vikiwemo. Ukivuka, uniti inapanda zaidi ya mara tatu. Anayeacha mkaa na kupikia umeme kila siku anajisogeza mwenyewe kuelekea ukomo huo.

Hilo ni jambo la kurekebishwa mezani, bila kukata utepe. Ukomo upandishwe kwa kaya zinazopikia umeme, na sufuria yenyewe ilipwe kidogokidogo kupitia Luku, kama kopo la mkaa linavyolipwa. Kabla hilo halijafanyika, wimbi la kilomita 2 kwa mwaka halina sababu ya kusimama.