Je, Wajua? Kura Isiyo na Jina la Mpigaji

Machi 2009, serikali ya Tanzania iliwaomba wananchi wawataje wauaji kwa kura ya siri. Kanda ya Ziwa, Shinyanga ikiwemo, ilikuwa imegubikwa na mauaji ya watu wenye ualbino. Uliandika jina la unayemshuku, ukaikunja karatasi, ukaitumbukiza sandukuni. Lako hukuliandika. Majambazi na wauza dawa za kulevya nao walitajwa humo humo.

Woga ulikuwa na sababu. Muuaji angeweza kuwa jirani, hata ndugu. Lakini karatasi hiyo hiyo ilimfaa pia mwenye ugomvi wa shamba, na karatasi haihojiwi kizimbani. Hukumu ya kwanza ya mauaji hayo ilitolewa Septemba 2009, Mahakama Kuu ilipoketi Kahama. Watu watatu walihukumiwa kunyongwa kwa kumuua mvulana wa Bukombe, wilaya ambayo sasa iko mkoa wa Geita.

Tangu 2015 ipo sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Ilichelewa mno.

Sungusungu, walinzi wa jadi walioibuka Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, walifuata njia tofauti kabisa. Mwano, yaani ukelele wa kuomba msaada, ukipigwa, wanaume hutoka na pinde zao, mbele ya watu wanaowajua kwa jina na ukoo.

Katikati, kati ya kura isiyo na jina na Sungusungu wanaojulikana kwa majina, wako manju, waimbaji viongozi wa ngoma za Kisukuma. Wengi hujulikana kwa jina la ngoma kuliko la kuzaliwa. Manju akiimba vibaya, jina hilo ndilo linalozomewa, na kesho ataingia nalo tena uwanjani.