Bei ya Jina Letu la Tovuti

Ndugu wanachama,

Tangu barua ile isomwe mbele ya kamati, wengi wenu mmekuwa mkinisimamisha njiani mkiniuliza: jina la tovuti ni kitu gani hata liuzwe dola 3,000, na imekuwaje jina la jumuiya yetu likawa mikononi mwa mtu tusiyemjua?

Kwa wasiokuwapo, khabari yenyewe ni hii. Karafuu zina njia yake ya kuuzwa ijulikanayo, lakini mdalasini wetu, pilipili manga na iliki, hutafutwa na wanunuzi katika intaneti wasituone. Kamati ikaazimia kufungua tovuti. Jina letu lenye kuishia "com" tukalikuta lina mwenyewe, tukachukua lile la "or.tz", ambalo ni la jumuiya zisizo za biashara. Haukupita muda, yule mwenye la "com" akatuandikia kwamba yu tayari kutuuzia. Sasa wako wasemao tulipe tumalize, na wako wasemao huo ni unyang'anyi, tusitoe hata senti. Mimi naona pande zote mbili zimefanya haraka.

Kwanza ifahamike kwamba jina la tovuti halimilikiwi daima, hukodiwa. Mkulima wa karafuu hana haja ya kufundishwa tafauti hiyo. Aliyekodi mikarafuu kwa msimu huchuma, lakini miti si yake. Majina haya husimamiwa na chombo kiitwacho ICANN, kilichoundwa Marekani mwaka 1998, na yale yaishiayo "tz" yana daftari lake hapa hapa Tanzania. Aliyetangulia kuandikisha ndiye apewaye. Kwa jina la "com" hulipa kama dola kumi na kitu kwa mwaka, wala hawezi kulipia zaidi ya miaka 10 mbele. Asipolipa, jina halimtoki siku ile ile. Kwa desturi hupata muhula usiozidi siku 45, kisha siku 30 za kulikomboa kwa ada kubwa, kisha siku 5, ndipo likaachiwa kwa yeyote.

Mtu huyu basi hulipa dola kumi na kitu, naye ataka 3,000. Hapa ndipo watu hukasirika. Lakini ada ya daftarini haituambii thamani ya jina, kama gharama ya kupalilia isivyotuambia bei ya karafuu. Thamani hutokana na haja ya wenye kulitaka, na wingi wao. Neno moja fupi, jepesi kutamka, lenye maana ya biashara katika lugha ya watu wengi, lina wanunuzi kila upande, na mwenye nalo aweza kungoja. Jina refu la Kiswahili, ambalo ndani yake mna jina la kisiwa na neno "jumuiya", lina mnunuzi mmoja tu duniani, naye ni sisi. Tukiondoka sisi, hana wa kumuuzia, na ada ya kila mwaka inamngoja. Jambo hili lampunguzia nguvu yeye kuliko anavyotaka tudhani.

Wako wakulima wenzetu waliowahi kuwa upande wa muuzaji. Jumuiya kuu ya wakulima wa Marekani, American Farm Bureau Federation, ilikuwa na jina la herufi mbili, fb.com. Mwaka 2010 kampuni ya Facebook ikalitaka, na wakulima wale wakapata dola milioni 8 na nusu. Wao wakabaki na fb.org na shughuli zao hazikusimama. Facebook hiyo hiyo mwaka 2005, ilipokuwa changa, ilitoa dola 200,000 kulipata facebook.com. Na Elon Musk alisema mwaka 2018 kwamba kulipata tesla.com kulichukua zaidi ya miaka kumi na dola milioni 11. Nataka mtazame ile miaka kumi, si zile milioni. Muda wote ule kampuni iliuza magari kwa jina la teslamotors.com. Mwenye jina la pili mkononi aweza kungoja, nasi la "or.tz" tunalo.

Kukadiria jina hakuna tafauti kubwa na kukadiria mkarafuu. Mkadiriaji husimama chini ya mti akatazama matumba, akauliza njia ya gari iko mbali kiasi gani, na wachumaji watataka nini kwa pishi. Na hapa tutazame daftari tujue jina liliandikishwa lini na muda wake waisha lini. Tufungue ukurasa tuone linatumika au limekaa bure. Kisha tutafute majina ya namna yake yaliuzwa kwa kiasi gani, kwani iko tovuti iitwayo NameBio iwekayo kumbukumbu za mauzo. Ziko na mashine zikadiriazo bei kwa dakika moja. Mimi siziamini sana, khasa kwa maneno ya Kiswahili, ambayo hazielewi.

Wengine wamesema twende tukamshitaki. Njia ipo, iliyowekwa na ICANN mwaka 1999, lakini mlalamikaji hana budi kuthibitisha mambo matatu pamoja: kwamba jina lafanana na alama yake hata kuchanganya watu, kwamba aliyelishika hana haki nalo, na kwamba aliliandikisha na kulitumia kwa nia mbaya. Likikosekana moja, shauri limeanguka. Ada ya mwamuzi mmoja katika shirika la WIPO la Geneva ni dola 1,500, mbali na wakili, na ukishinda hurejeshewi. Kwa hiyo hizo 1,500 ni kipimo kizuri cha kuwa nacho kichwani. Kumlipa mtu zaidi ya gharama ya kumshitaki, pale ambapo shauri ni zuri, hakuna maana.

Lakini wale wasemao tusitoe hata senti nao wafikiri. Jina hilo akilinunua laghai, akafungua tovuti inayofanana na yetu, mnunuzi wa mdalasini aliye ng'ambo atapeleka fedha kwake akidhani ametupelekea sisi. Mzigo hautafika, na lawama itakuwa yetu.

Katika kupatana, neno litoke kinywani mwa mtu mmoja. Nawaomba sana wanachama wenye barua pepe wasimwandikie mtu huyu, hata kwa nia ya kusaidia. Akiona wanaomwandikia ni watano atadhani wanunuzi ni watano. Kikomo chetu kiwekwe kabla ya kujibu, na jibu la kwanza liwe chini ya kikomo kwa kiasi cha kuacha nafasi ya kupanda. Akisema yuko mnunuzi mwingine, tusishindane na mtu tusiyemuona. Kupandishwa bei kwa mnunuzi wa uongo ni najshi, nayo imekatazwa, lakini wapo waitendao. Na akitokea wa kutuambia tulipie kwanza cheti cha thamani ya jina, huyo ni mwizi.

Tukiafikiana, fedha zisiende kwake moja kwa moja. Zikae amana kwa mtu wa kati, kama Escrow.com iliyoanza kazi hiyo mwaka 1999, hata jina liwe limekwisha kuhamia kwetu, ndipo alipwe. Na liandikishwe kwa jina la jumuiya, kwa anwani ya barua pepe ya jumuiya, lisiwe la katibu wala la kijana atakayetutengenezea tovuti. Jumuiya nyingi zimepoteza majina yao si kwa maadui, bali kwa fundi aliyehama na funguo.

Kikomo ambacho kamati inakipendekeza kitatajwa kwa mdomo katika mkutano mkuu na kupigiwa kura. Sikukiandika hapa kwa kuwa jarida hili husomwa na wengi, na huenda yeye ni mmoja wao.

Katibu