Faili la fedha, tumeliweka wapi?

Wengi wetu tunaoishi Frogtown, mtaa wa Saint Paul unaopakana na University Avenue, tunajua pasipoti zetu ziko droo gani. Na faili la sarafu za kidijitali je?

Anayetumia programu ya Bitcoin Core huwa na faili liitwalo wallet.dat. Ndani yake mna funguo za fedha zake, nalo hukaa katika folda ambayo Windows huificha. Kompyuta ikitupwa, faili nalo limekwenda. Mwaka 2013 diski ya James Howells wa Newport, Wales, yenye funguo za bitcoin zipatazo 8,000, ilitupwa jalalani. Januari 2025 mahakama ilitupilia mbali kesi yake ya kutaka jalala hilo lichimbuliwe.

Tufanyeje? Tutoe nakala mbili zilizofungwa kwa neno la siri, tuziweke mahali tofauti, wala si katika barua pepe. Neno hilo tuliandike karatasini, lihifadhiwe kando. Kisha mtu mmoja tunayemwamini aambiwe pa kutafuta. Mauti yakitukuta huku ughaibuni, hakuna benki itakayowafungulia faili hilo ndugu zetu walioko Mombasa au Kigoma.