Mogo ya Wembley na kinu cha Upanga

LONDON – Ukishuka treni kituo cha Alperton ukaifuata Ealing Road kuelekea Wembley Central, pua ndiyo itakayokuongoza. Kuna maduka ya sari, ya dhahabu, ya maembe na bamia, na katikati yake mikahawa midogo ya bei poa. Jumamosi iliyopita niliingia mmojawapo nikaagiza sahani ya mogo na chai ya tangawizi.

Ndiyo msomaji, mogo. Ni muhogo wetu huu huu, umechemshwa, ukakaangwa, ukanyunyiziwa chumvi, pilipili na ndimu, ukaletwa na bakuli la chatine ya ukwaju. Waingereza wanaoula hudhani jina hilo ni la Kihindi. Kumbe ni Kiswahili kilichopanda ndege.

Kimepandaje? Kenya ilipopitisha sheria za uhamiaji na leseni za biashara mwaka 1967, Waasia wengi wenye pasipoti za Uingereza walianza kufunga virago, mpaka London nayo ikaharakisha sheria ya mwaka 1968 ya kuwazuia. Agosti 1972 Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, na karibu 28,000 wakaishia Uingereza. Mali waliziacha, lakini ulimi hauwezi kutaifishwa. Nenda Southall, katika mkahawa wa Madhu's uliofunguliwa mwaka 1980 na familia iliyokuwa na hoteli Nairobi, utakuta vyakula vinavyoitwa Machuzi Kuku na Boozi Bafu. Huyo Boozi ni mbuzi, usishtuke.

Narudi Wembley. Mzee aliyeniletea sahani alinitazama nilivyokuwa nakula kwa mkono, akauliza kwa Kiswahili safi, "Bwana, umetoka wapi?"

"Shikamoo mzee. Natoka Dar."

"Marahaba. Dar ipi?"

"Upanga."

Akaweka trei chini. Alizaliwa Upanga. Aliondoka mwaka 1971, akiwa na miaka 19, baada ya serikali kutaifisha majumba. Wasomaji wa rika langu huenda hawakumbuki: sheria ya Aprili 1971 ilichukua nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, zikawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Baba yake alikuwa na moja, ya ghorofa mbili. Mzee hakulalamika. Aliuliza tu kama wauza madafu bado wapo, na kama mihogo ya kuchoma barabarani bado inachanwa katikati na kutiwa pilipili. Nikamwambia ipo. Naye akauliza, "Mara ya mwisho kuila lini?"

Nikasema mwaka 2018. Sikueleza zaidi, ila nadhani alielewa. Mwandishi akiandika jambo lisilowapendeza wakubwa, huwa anaondoka kwa sanduku moja pia.

Jambo ambalo sikumwambia ni kwamba mimi nilikulia katika nyumba ya Msajili, huko huko Upanga. Baba, karani wa serikali, alipangishwa humo miaka ya sabini, nami nikazaliwa humo. Kwetu ilikuwa nyumba ya Ujamaa, ya haki. Bado nadhani mfanyakazi kupata paa kwa kodi anayoimudu lilikuwa jambo jema. Lakini ni vigumu kulisema mbele ya mtu anayekuongezea ndimu bila kuombwa.

Kabla sijaondoka alinipa siri yake: muhogo uchemshwe kwanza na manjano na chumvi, uache upoe kabisa, ndipo ukaange. Ukikaanga wa moto unanyonya mafuta.

Basi jioni hiyo nikapika. Jiko langu lina upana wa mlango, na king'ora cha moshi kiko juu ya sufuria kabisa, kwa hiyo kupika kwangu ni kwa dirisha wazi hata Januari. Unga wa mahindi nanunua Peckham, Rye Lane, mihogo iliyogandishwa huko huko, maana ile mibichi iliyopakwa nta hapa mara nyingi ukiipasua unakuta michirizi myeusi ndani. Mboga ni majani ya kabichi isiyofunga, ndugu kabisa wa sukuma wiki, yakatwe nyembamba, kitunguu, nyanya, basi. Ugali, mboga, mogo pembeni. Mtu mmoja anashiba kwa bei ndogo kuliko sandwichi ya stesheni, na mkono unanukia chakula mpaka asubuhi.

Ugali ukiiva nikampigia mama simu. Yeye hupenda kusikia mwiko. Nikamuuliza kitu ambacho sikuwahi kuuliza miaka yote: kabla yetu, ile nyumba ilikuwa ya nani?

Akanyamaza kidogo. "Wahindi. Sisi hatukuwakuta. Tulikuta jikoni vitu vichache tu."

"Vitu gani, mama?"

"Rafu ya viungo, tupu. Na kile kinu kidogo cha chuma."

Kinu kile nakijua. Nimetwangia tangawizi na vitunguu saumu humo utoto wangu wote, na siku zote nilidhani kilitoka kwa bibi.

"Bado ninacho," mama akasema. "Unakitaka?"

Jumamosi nitapita tena Ealing Road.